Nani Mfiwa? Wapenzi wa Wasanii na Msiba wa Hadhara, 1950–2012

Kitenzi -fiwa kimejengwa juu ya mzizi -f-, kikaongezewa viambishi vya kutendea na kutendwa. Kisarufi, kitenzi hiki hakimbagui mtu: yeyote aliyeguswa na kifo cha mwingine aweza kusema, ‘Nimefiwa.’ Hata hivyo, mila imekiwekea mpaka. Mfiwa ni ndugu, mume, mke au mkwe. Ndiye akaaye matanga, ndiye apewaye mkono wa tanzia. Insha hii fupi inadhamiria kuonyesha jinsi mpaka huo ulivyosogezwa na watu ambao mila haikuwatandikia mkeka, yaani wapenzi wa waimbaji na waigizaji. Tutatazama vifo vitatu.

Siti binti Saad alifariki Unguja mwezi Julai 1950. Tangu 1928, sauti yake ilikuwa imenaswa katika santuri huko Bombay, nayo ikasikika mwambao mzima na bara, mahali ambapo wengi hawakupata kumwona uso. Mmoja wa waliomhusudu, Shaaban Robert, aliandika wasifu wake, nao ukachapwa baada ya kifo cha mwimbaji huyo. Aghalabu twausoma wasifu huo kama kazi ya fasihi tu. Lakini hatuna budi kuuona pia kuwa tendo la maombolezo: mtu asiye ndugu wa marehemu, tena mzaliwa wa Tanga na si wa Unguja, anajitwika kazi ya kuhifadhi jina lake. Mpenzi alijipatia nafasi msibani kwa kalamu.

Kifo cha pili ni cha Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji aliyevuma na Morogoro Jazz, kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Alikufa kwa ajali ya gari katika eneo la Mombasa mwezi Januari 1979. Wakati huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nao haukufunguliwa hadi 1983. Jamaa zake walikuwa upande mmoja. Yeye akafia upande wa pili, kati ya watu waliomjua kwa nyimbo. Serikali mbili zilikuwa zimenuniana, ilhali nyimbo za Kiswahili zilikuwa na wasikilizaji pande zote mbili. Redio nayo ilikwisha kuwazoeza watu hao kuitwa ‘wapenzi wasikilizaji’. Neno hilo si pambo tupu. Aitwaye mpenzi kila siku, akapokea sauti ya mtu nyumbani mwake kana kwamba ni ya mgeni aliyezoeleka, atawezaje kuambiwa siku ya kifo kwamba hayamhusu?

Cha tatu ni cha Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Siku ya mazishi, tarehe 10, makumi ya maelfu ya watu walifurika katika viwanja vya Leaders. Baadhi yao walizirai, na viongozi wa taifa walihudhuria. Hapa mpenzi hakuandika wala hakuomboleza faraghani karibu na redio. Alifika mwenyewe, akalia hadharani kama aliaye nduguye. Msiba wa nyumba moja ukawa msiba wa umma.

Wako watakaosema kwamba huo ni ushabiki tu, na kwamba machozi ya mgeni hayana uzito. Hoja hiyo ina ukweli kiasi: mpenzi harithi madeni wala hasomeshi yatima, na umati waweza kuwanyima wafiwa wa damu nafasi ya kulia kwa utulivu. Lakini si haki kuyapuuza maombolezo hayo. Watu wa makabila, dini na nchi mbalimbali walikutana katika huzuni moja kwa sababu walikuwa wamekwisha kukutana katika lugha moja. Yeyote atafutaye historia ya kuenea kwa Kiswahili asiishie katika sera na shule. Na aulize pia watu walimlilia nani.

Nyimbo za zamani tunaziita ‘zilipendwa’. Ni kitenzi cha kutendwa ambacho mtendaji wake hakutajwa. Zilipendwa na nani? Katika utafiti wetu, jibu limeachwa wazi vivyo hivyo. Tumekusanya nyimbo na majina ya bendi, lakini mara chache tumewaendea waliozisikiliza. Waliokuwa vijana mwaka 1979 sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Kwa hiyo twawasihi wanafunzi na walimu wa lugha wawaendee mapema, wawaulize walikuwa wapi habari ilipowafikia, walisema nini, na nani aliwapa pole. La sivyo, tutabaki na kitenzi kisicho na mtendaji, na msiba usio na mfiwa.