Ampea 400 zinapimwaje kwa mita ndogo?

Kiwanda kinaweza kuvuta ampea 400 kwa wakati mmoja. Ukiupitisha umeme wote huo kwenye mita ya kawaida, itaungua. Sasa unapimwaje?

Jibu ni transfoma ya mkondo, ambayo mafundi wanaiita CT. Ni pete ya chuma iliyozungushiwa waya mwembamba. Kebo kubwa inapita katikati ya pete, haikatwi wala haigusani na mita.

Inafanyaje kazi?

Umeme wa AC kwenye kebo hutengeneza usumaku unaobadilika kila mara. Usumaku huo huzalisha mkondo mdogo kwenye waya wa pete. CT iliyoandikwa 400/5 inapunguza mkondo mara 80: kebo ikibeba ampea 400, mita inapata 5 tu. Ikipata 3, ujue kebo ina 240.

Mita ya kubana ya AC nayo inatumia kanuni hiyohiyo. Bana waya mmoja tu. Ukibana wa kwenda na wa kurudi pamoja, itasoma sifuri, na umeme upo!

Hatari iko wapi?

Usifungue nyaya za CT wakati kebo ina mzigo. Mkondo ukikosa njia, volti zinaweza kupanda hadi maelfu na kuua mtu. Fundi anayejua kazi huunganisha kwanza ncha mbili za CT, ndipo anatoa mita. Kama wewe si fundi, usiguse kabisa.