Hotuba ya Kinoru na mizani ya ushawishi

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu mbinu za ushawishi, hukimbilia zile tatu za Aristotle: hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Kuzitaja si kazi. Kazi ni kujua ipi inabeba mzigo. Hebu tutazame hotuba moja.

Juni 1, 2018, Rais Uhuru Kenyatta aliongoza sherehe za Madaraka uwanjani Kinoru, mjini Meru. Hisia zilikuwepo hata kabla hajafungua kinywa. Siku kama hiyo mwaka wa 1963, babake, Jomo Kenyatta, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Tena haikuwa imetimia miezi mitatu tangu handisheki yake na Raila Odinga, Machi 9. Lakini kashfa ya NYS nayo ilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Ndipo akatangaza kwamba wakuu wa vitengo vya ununuzi na uhasibu serikalini wangepigwa msasa upya, wapimwe hata kwa mashine ya kutambua uongo.

Wengi wataliweka tangazo hilo kwenye mantiki, eti kwa kuwa limetaja kifaa na utaratibu. Mimi naliweka kwenye hadhi. Rais hakuwa akithibitisha hoja. Alikuwa akiomba serikali yake iaminiwe tena. Na aliomba hayo Meru, kwa Njuri Ncheke, ambako neno la mzee wa baraza huheshimiwa kwa sababu ya mzee mwenyewe. Neno la afisa wa serikali, kumbe, lilihitaji mashine ilidhamini.