Matatizo ya fedha na uendeshaji katika spidiwei ya Uingereza

Matatizo ya fedha na uendeshaji katika spidiwei ya Uingereza ni hali ya muda mrefu iliyosababisha klabu nyingi za mchezo huo kufungwa, kuhama au kushuka daraja kwa hiari, hasa tangu miaka ya 1950. Spidiwei ni mbio za pikipiki kwenye njia fupi ya duaradufu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa miongoni mwa michezo iliyovuta watazamaji wengi nchini Uingereza. Mwaka 1965 ligi yake kuu ilikuwa na timu 18. Mwaka 2024 ilikuwa na timu 7.

Tatizo hili lina mizizi miwili. Kwanza, klabu nyingi hazimiliki viwanja zinavyotumia, bali ni wapangaji. Pili, ligi huendeshwa na wamiliki wa klabu wenyewe, ambao pia ni washindani. Kwa sababu hiyo klabu inaweza kuwa na mashabiki waaminifu, hata kutwaa ubingwa, na bado ikapotea.

Mchezo wenyewe

Katika mbio moja hushindana madereva wanne, wawili kutoka kila timu, kwa mizunguko minne. Mbio huchukua takriban dakika moja. Pikipiki ina injini ya sentimita za ujazo 500, hutumia methanoli, ina gia moja tu na haina breki. Njia hufunikwa kwa mawe laini yaliyosagwa, na dereva hupita kona kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze. Mshindi hupata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1 na wa mwisho hapati kitu. Kwa kawaida pambano la ligi kati ya timu mbili zenye madereva saba kila moja huwa na mbio 15.

Tofauti na mpira wa miguu, uwanja wa spidiwei hauwezi kupatikana popote. Unahitaji njia maalumu, uzio imara wa usalama, mahali pa kutengenezea pikipiki na majirani wanaovumilia kelele na vumbi. Klabu ikipoteza uwanja wake, ni vigumu sana kupata mwingine katika mji huohuo.

Historia

Mchezo huu ulipata umaarufu kwanza Australia katika miaka ya 1920. Nchini Uingereza, mashindano ya High Beech, katika msitu wa Epping karibu na London, yaliyofanyika tarehe 19 Februari 1928, huhesabiwa kuwa ndiyo yaliyoufungulia mlango. Maelfu ya watu walihudhuria, na katika muda mfupi njia za mbio zilijengwa katika miji mingi. Mashindano ya ligi yalianza mwaka 1929. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika katika uwanja wa Wembley mwaka 1936, na mshindi alikuwa Lionel Van Praag wa Australia.

Miaka iliyofuata vita ilikuwa ya neema. Watu walikuwa na hamu ya burudani, na timu ya Wembley Lions ilikuwa ikijaza makumi ya maelfu ya watazamaji katika pambano la ligi. Hata hivyo, neema hiyo haikudumu. Serikali iliutoza mchezo kodi nzito ya burudani, na runinga ikawafanya watu wengi wabaki nyumbani jioni. Mwaka 1957 Arthur Elvin, mkuu wa uwanja wa Wembley na mlezi wa timu yake, alifariki, na Wembley Lions ikajiondoa katika ligi. Mwaka huohuo madaraja mawili ya ligi yaliunganishwa kuwa moja kwa sababu ya uhaba wa timu.

Mwaka 1960 mapromota wengine walianzisha Ligi ya Mikoa, iliyotumia viwanja vidogo na gharama ndogo. Ligi hiyo ilipostawi, ugomvi ukazuka. Mwaka 1964 wakuu wa mchezo walitaka Wolverhampton, mabingwa wa Ligi ya Mikoa, wapandishwe kwenye ligi ya taifa iliyokuwa imebaki na timu chache. Mapromota wa mikoani walikataa, wakaendesha msimu mzima bila idhini ya bodi ya mchezo. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Shawcross ulisaidia kumaliza mgogoro, na mwaka 1965 ikaundwa Ligi ya Uingereza yenye timu 18. Chama cha mapromota kiliundwa wakati huo na kikapewa nafasi kubwa katika kuendesha mashindano.

Suluhisho hilo lilileta ustawi mpya. Mwaka 1968 liliongezwa daraja la pili. Fainali ya dunia ya mwaka 1981, ya mwisho kufanyika Wembley, ilihudhuriwa na watu zaidi ya 90,000, na ubingwa ukachukuliwa na Mmarekani Bruce Penhall. Lakini umati wa fainali moja haukuwa kipimo sahihi cha hali ya klabu kila wiki.

Mapato na matumizi

Mapato ya klabu hutokana hasa na tiketi za mlangoni, wadhamini, na mauzo ya majarida ya pambano na bidhaa nyingine. Yote hutegemea siku ya pambano. Mvua ikinyesha na njia kuharibika, pambano huahirishwa, na mapato ya usiku huo hupotea ingawa sehemu ya gharama imekwisha kulipwa. Aidha, mara nyingi mapato ya vinywaji, chakula na maegesho humwendea mwenye uwanja wala si klabu.

Kwa upande wa matumizi, klabu hulipa kodi ya uwanja, matengenezo ya njia, bima, waamuzi, na daktari pamoja na gari la wagonjwa. Bila huduma ya tiba mbio haziruhusiwi kuendelea. Gharama kubwa zaidi ni malipo ya madereva, ambao hulipwa kwa kiasi kikubwa kulingana na alama wanazopata. Madereva wenyewe hawapati faida kubwa kama inavyodhaniwa. Wao si waajiriwa wa klabu: hununua pikipiki zao, hulipa mafundi na mafuta ya safari, na wakiumia hukosa kipato mpaka wapone.

Mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu katika kituo cha Sky Sports, ulioanza mwaka 1999, ulileta fedha na umaarufu. Baadaye haki za matangazo zilihamia vituo vingine, na klabu zilizokuwa zimezoea mapato hayo zikalazimika kupanga upya matumizi yao.

Tatizo la viwanja

Viwanja vingi vya spidiwei vilijengwa kati ya vita kuu mbili, mara nyingi pamoja na mbio za mbwa, pembezoni mwa miji. Miji ilipopanuka, ardhi hiyo ikawa na thamani kubwa. Mwenye uwanja anayepokea kodi ya usiku mmoja kwa wiki katika miezi ya joto anaweza kupata fedha nyingi zaidi kwa kuuza eneo lijengwe nyumba au maduka.

Mifano ni mingi:

Leicester: uwanja wa Blackbird Road uliuzwa kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, na mbio zikakoma mwaka 1983. Timu ilirudi mwaka 2011 tu, katika uwanja mpya.

Manchester: timu ya Belle Vue ilipoteza uwanja wake wa kihistoria wa Hyde Road mwaka 1987, ikahamia uwanja wa mbio za mbwa.

Cradley Heath: timu hii maarufu iliondolewa katika uwanja wa Dudley Wood baada ya msimu wa 1995.

Wimbledon: mbio zilikoma kwa mara ya mwisho mwaka 2005. Mahali hapo leo pana uwanja wa klabu ya mpira ya AFC Wimbledon.

Coventry: uwanja wa Brandon, uliotumika kwa mbio tangu mwaka 1928, uliuzwa kwa wajenzi, na timu ya Coventry Bees ikaondoka baada ya msimu wa 2016. Mashabiki walipinga mpango wa nyumba, na mwaka 2022 halmashauri ya Rugby ilikataa kutoa kibali. Hata hivyo, katika miaka hiyo majengo ya uwanja yalikuwa yameharibiwa kwa moto na wavamizi. Kukataliwa kwa nyumba hakukurudisha mbio.

Peterborough na Wolverhampton: timu zote mbili zilipoteza viwanja baada ya msimu wa 2023. Peterborough palikuwa na mpango wa kuendeleza eneo la maonyesho, na huko Wolverhampton mwenye uwanja wa Monmore Green aliamua kuutumia kwa mbio za mbwa.

Orodha ya mabingwa inaonyesha wazi kwamba ushindi si kinga. Coventry ilitwaa ubingwa mwaka 2010, Wolverhampton mwaka 2016, Swindon mwaka 2019 na Peterborough mwaka 2021. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 zote nne zilikuwa hazina uwanja wa kukimbilia. Swindon haikupata hata nafasi ya kutetea taji lake: msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, ukarabati wa uwanja ukachelewa, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba timu haitarudi.

Uendeshaji wa ligi

Kila mwaka, msimu unapomalizika, wamiliki wa klabu hukutana na kupanga kanuni za msimu unaofuata. Utaratibu huu hulaumiwa kwa kuwa kila mmoja huja na maslahi ya klabu yake.

Kanuni inayozua ubishi zaidi ni kikomo cha wastani. Kila dereva ana wastani wa alama anazopata kwa pambano, na jumla ya wastani wa madereva saba haitakiwi kuzidi kiwango kilichowekwa. Nia yake ni kuzuia klabu tajiri isikusanye madereva wote hodari, na kupunguza gharama. Lakini timu iliyofanya vizuri hulazimika kuvunjwa, kwa kuwa wastani wa madereva wake umepanda. Kikomo kikibadilishwa kidogo tu, klabu moja hunufaika na nyingine huumia. Mwishoni mwa mwaka 2010 Coventry na Peterborough zilitoka katika mkutano mkuu kwa sababu ya ubishi kuhusu kanuni za kuunda timu, na mapatano yalipatikana mwaka 2011 tu, muda mfupi kabla ya mbio kuanza.

Malalamiko mengine huhusu madereva wa kuazima. Dereva akiumia au akiwa nje ya nchi, timu huruhusiwa kumtumia kwa siku hiyo dereva wa timu nyingine. Pia dereva anaweza kuwa na timu mbili za madaraja tofauti. Kanuni hizi huokoa pambano lisifutwe, lakini baadhi ya mashabiki husema inakuwa vigumu kuipenda timu ambayo sura zake hubadilika kila wiki.

Vilevile hakuna utaratibu wa kawaida wa kupanda na kushuka daraja kwa matokeo. Klabu huchagua daraja kulingana na uwezo wake wa fedha. Poole Pirates, mabingwa wa mwaka 2018, waliamua kushuka daraja la pili kuanzia msimu wa 2020, na mwaka 2021 wakatwaa ubingwa wa daraja hilo.

Kujiondoa katikati ya msimu ndiko kunakoumiza zaidi. Hilo lilitokea kwa Oxford mwaka 2007, Birmingham mwaka 2014, Rye House mwaka 2018, Eastbourne mwaka 2021 na Newcastle mwaka 2022. Timu ikiondoka, madereva wake hubaki bila kazi, na wapinzani hupoteza mapambano ya nyumbani waliyotegemea kwa mapato.

Ushindani kutoka nje

Hadi miaka ya 1980 dereva hodari wa nchi yoyote alitamani kukimbia Uingereza. Baada ya mabadiliko ya kisiasa ya Ulaya Mashariki, ligi ya Poland ilikua haraka kwa msaada wa wadhamini wakubwa, viwanja vinavyojaa na halmashauri za miji zinazoichangia michezo. Leo ligi hiyo ndiyo inayolipa zaidi duniani. Madereva wengi hukimbia Poland mwishoni mwa wiki na Uswidi siku ya Jumanne, hivyo ligi ya Uingereza imelazimika kupanga ratiba yake kwa siku zinazobaki, hasa Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo si rahisi kwa familia zenye watoto wa shule.

Juhudi za kuuokoa mchezo

Mwaka 2016 Belle Vue ilihamia Uwanja wa Taifa wa Spidiwei, uliojengwa Manchester kwa ushiriki wa halmashauri ya jiji. Usiku wa ufunguzi, tarehe 19 Machi 2016, mashindano yalifutwa kwa kuwa njia haikuwa salama. Matatizo ya fedha yakafuata, na kabla ya msimu wa 2017 uendeshaji wa timu ukapewa watu wengine. Chini yao Belle Vue ilitwaa ubingwa wa mwaka 2022. Mfano huo unaonyesha kwamba uwanja mzuri ni wa lazima, ila hautoshi bila usimamizi mzuri.

Huko Oxford, halmashauri ya jiji ilitangaza eneo la uwanja kuwa la hifadhi, jambo lililofanya iwe vigumu kulijenga upya. Mbio zilirudi mwaka 2022, miaka 15 baada ya timu kujiondoa katika ligi kuu.

Wakati huohuo madereva wa Uingereza wamefanya vizuri kimataifa. Tai Woffinden alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2013, 2015 na 2018. Mwaka 2021, katika uwanja wa Manchester, timu ya taifa ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1989, na ikaurudia mwaka 2024. Lakini dereva chipukizi hujifunza katika klabu ya mji wake, na kila klabu inapofungwa hupungua mahali pa kumpata bingwa mwingine.