Maua ya katuni za Kijapani si mapambo

Nina binamu wa miaka kumi na sita ambaye halali kwa sababu ya manga na anime, yaani katuni za Kijapani (sio pilipili manga, jamani). Juzi nimemkuta anatazama moja kwenye kompyuta. Kijana anaingia mlangoni, mara kioo kizima kinajaa mawaridi. Nikaangua kicheko. "Hayo maua yameota wapi, kwenye sakafu?" Akanijibu bila kugeuka: "Dada, huelewi."

Kweli nilikuwa sielewi. Basi nikaanza kuchimba.

Nilianza na maneno. Wajapani wana neno kirei. Maana yake ni zuri, na pia safi, kama nasi tunavyosema mtu katoka safi. Wana utsukushii, ambalo leo ni urembo, ila zamani lilibeba zaidi mapenzi kwa kilicho kidogo, mfano mtoto. Halafu kuna bi, uzuri. Liunganishe na shonen, mvulana, unapata bishonen: kijana mrembo. Ndiye yule wa mlangoni.

Maua yenyewe yametoka mbali. Mwaka 1916 mwandishi Yoshiya Nobuko alianza kuchapisha kwenye jarida la wasichana mfululizo wa Hana Monogatari, yaani Hadithi za Maua. Wasichana wanapendana, wanatenganishwa, wanalia. Nionavyo mimi, ua lilisema yale ambayo binti wa shule hakuruhusiwa kuyasema.

Baadaye akaja mchoraji Nakahara Jun'ichi, na wasichana wake wembamba wenye macho makubwa, katika jarida la Shojo no Tomo. Mwaka 1940, Japani ikiwa vitani na China, wakubwa wakaona michoro hiyo haifai wakati wa vita. Akaondolewa.

Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Wakubwa hao hawakuyachukia maua. Walikuwa na lao: sakura, ua la mti wa cheri, linalochanua siku chache tu na kupukutika likiwa bado zuri. Vijana wakafundishwa kwamba askari naye afe hivyo. Mwaka 1945 jeshi la wanamaji likaingiza vitani bomu lenye rubani ndani yake, ambalo likishaachiliwa halina kurudi. Unajua liliitwaje? Ohka. Ua la cheri.

Vita vikaisha. Mwaka 1947 Nakahara akaanzisha jarida lake la wasichana. Akaliita Himawari, yaani alizeti.

Turuke hadi 1972. Ikeda Riyoko, binti wa miaka 24, anaanza kuchora Berusaiyu no Bara, Waridi la Versailles, katika jarida la Margaret. Habari ni ya Ufaransa kuelekea mapinduzi. Ndani yake yumo Oscar, mwanamke aliyelelewa kiume na kuvishwa sare ya jeshi, mlinzi wa Malkia Marie Antoinette. Alipaswa kumsindikiza malkia tu kwenye hadithi, lakini wasomaji walimpenda yeye kuliko mwenye hadithi. Mwishoni anaiacha kambi ya wakubwa, anajiunga na wananchi, anauawa Bastille, 1789.

Ndiyo, naye ni askari, naye ana ua, naye anakufa. Lakini ameamua mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru apukutike. Ukiniuliza mimi, hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo miaka 27 tu kabla yake ilikuwa inawapanda vijana kwenye bomu na kuliita ua.

Nimemsimulia binamu. Akanyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo nisitazame zile zenye sakura?"

Nikamwambia atazame tu. Ila kila maua yakimwagika nyuma ya mtu, ajiulize ni nani kayaweka pale, na anataka huyo mtu afanye nini.

Wewe je, ulikuwa unayacheka kama mimi?