Lwengera: Mto Baina ya Milima Miwili

Katika ramani nyingi za Tanzania mto Lwengera huchorwa kwa uzi mwembamba, na mara nyingine hauchorwi kabisa. Unateremka kuelekea kusini baina ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, ukipita katika bonde lenye jina lake, ambamo zimo Mashewa, Magoma, Kerenge na Kwashemshi. Kisha karibu na mji wa Korogwe hujitia katika mto Pangani. Hapo jina lake hukoma. Maji yake, hata hivyo, huendelea na safari hadi Hale, na kutoka Hale hadi baharini, ng'ambo ya kisiwa cha Unguja. Mito ya namna hii haipati wanahistoria wake. Wanaoandika juu ya Usambara huiandika milima. Wanaoandika juu ya pwani huuandika mji wa Pangani. Na bonde lililo katikati huvukwa kwa sentensi moja. Pamoja na hayo, karibu kila utawala uliopita katika sehemu hiyo ya Tanga umeyataka maji ya Lwengera kwa haja yake, na kila mmoja umeacha alama yake katika kingo zake.

Umbo la nchi ndilo la kutangulizwa. Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya miamba ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kupinda hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania. Miamba hiyo ilinyanyuliwa kwa mipasuko ya ardhi, na bonde la Lwengera ni nchi iliyobaki chini pale mabonge mawili yalipoinuka. Korogwe ipo kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nilo, kilicho kirefu kuliko vyote vya Usambara Mashariki, kinafika mita 1,506. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu ambao hugonga kwanza Usambara Mashariki, na ndiyo maana Amani hupata kwa mwaka mvua ya karibu milimita 1,900. Bonde lililo nyuma ya mlima hupata pungufu sana ya hiyo. Basi Lwengera ni mto wa nchi kavu unaoishi kwa mvua ya nchi nyingine: vijito vinavyoulisha huzaliwa katika misitu yenye ukungu pande zote mbili, na mkulima wa bondeni huweza kuuona mto ukijaa siku ambayo juu ya shamba lake halikudondoka tone.

Bonde hilo hilo limekuwa mpaka kwa viumbe. Mnyama wa msitu wa baridi hashuki katika joto la bonde ili apande mlima wa pili. Na kwa muda mrefu mno jamaa za upande mmoja zimeishi mbali na jamaa za upande wa pili. Mwaka 2008 wataalamu walipowachunguza upya vinyonga wenye pembe mbili wa Afrika Mashariki, walithibitisha kuwa wa Usambara Magharibi na wa Usambara Mashariki, waliodhaniwa muda mrefu kuwa jamii moja, ni jamii mbalimbali. Kutoka kilele hadi kilele jicho huona upande wa pili bila taabu. Lakini kwa kinyonga bonde hilo ni sawa na bahari.

Wanadamu nao waliijua tofauti hiyo, na Washambaa waliitia katika lugha. Kwao Shambaai ni nchi ya juu, nchi ya migomba, baridi na mvua; nyika ni nchi ya chini, yenye joto na miiba, ya kuwindwa na kupitwa zaidi kuliko kukaliwa. Hofu hiyo ilikuwa na maarifa ndani yake. Mwaka 1898 daktari wa Kijerumani Robert Koch, aliyekuwa amefika Usambara kutafuta asili ya homa, aliandika kuwa watu wa milimani waliposhuka nchi ya chini wakaugua, ugonjwa wenyewe waliuita mbu, jina lile lile la mdudu, kwani walisema mdudu huyo ndiye anayewatia homa. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu Ronald Ross, huko India, auone mdudu wa malaria katika tumbo la mbu. Jambo ambalo maabara za Ulaya zilikuwa ndiyo kwanza zinalithibitisha lilikuwa limekwisha hifadhiwa katika neno moja la Kishambaa.

Juu ya milima hiyo ukoo wa Wakilindi ulisimamisha dola yake katika karne ya 18, makao yakiwa Vuga. Habari zake wasomaji wa Kiswahili wanazijua kutokana na Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila, na kutolewa tena mwaka 1962. Mfalme wa Vuga aliheshimiwa zaidi ya yote kwa uwezo wake juu ya mvua, na Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala wake: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme aliye imara, asiye na mshindani, alidhaniwa kuiponya nchi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuizuia mvua iwanyeshee watu wake mwenyewe. Lakini wenye uwezo wawili walipokabiliana, kila mmoja aliutumia uwezo wake kumkomoa mwenziwe, na nchi ikakauka. Hali hiyo waliiita nguvu kwa nguvu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na wazee wa Usambara na kuandika maneno yao, ameonyesha kuwa hii ilikuwa falsafa kamili ya siasa, ambayo watu waliitumia kuwahukumu watawala wao hadi zama za ukoloni.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuja na ushahidi wa falsafa hiyo. Katika zama za Kimweri ye Nyumbai, himaya ya Vuga ilielekea pwani, na katika miji ya mrima uwezo wake ulikutana na ule wa Seyyid wa Unguja. Ludwig Krapf alimzuru Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852; Burton na Speke wakamkuta mzee na dhaifu mwaka 1857. Alipofariki mwaka 1862, kizazi chake kiligawanyika. Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara, akijipatia bunduki kwa biashara ya pwani. Warithi wa Vuga walibaki juu na utukufu wao wa kale. Vita hivyo viliendeshwa kwa kuteka watu na kuwauza, na waliokuwa karibu na njia za bondeni ndio waliokuwa rahisi kutekwa. Wengi walikimbilia juu. Sehemu kubwa ya nchi ambayo wageni wa Ulaya waliiona baadaye na kuiita tupu ilikuwa imehamwa kwa hofu.

Utupu huo uliwafaa Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka ule ule wa 1893 Dakta Richard Hindorf alikuwa ameingiza mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyoondoka huko, 62 tu ilifika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea katika bonde la Pangani na kupanda bonde la Lwengera hadi Magoma. Mkonge shambani hauhitaji maji mengi. Kiwandani ni habari nyingine. Jani linapopita katika korona husagwa na kuoshwa ili singa zibaki safi, na singa hizo ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani. Zinazobaki ni maji machungu na makapi ya kijani, na kwa miongo mingi njia rahisi ya kuyaondoa ilikuwa kuyaachia yafuate mkondo. Waliofanya kazi hiyo aghalabu walikuwa manamba walioletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, Njombe, na hata nje ya mipaka ya nchi. Nao wakazeeka kambini, watoto wao wakawa wenyeji. Bonde ambalo wazee wa Kishambaa walilipita kwa haraka likawa mahali penye lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yake ya nyumbani.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za nailoni zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hadi takriban tani 20,000. Magoma ilikuwa miongoni mwa mashamba matano ambamo, tangu mwaka 1999, wakulima wadogo waligawiwa vipande ili walime mkonge na kuuza majani kiwandani. Mwaka 2007 huko Hale ulizinduliwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na umeme. Kilichokuwa kikitupwa mtoni tangu enzi za Wajerumani kilithibitika kuwa mali.

Hale yenyewe inakumbusha mdai mwingine. Mwaka 1964 kilifunguliwa hapo kituo cha umeme cha megawati 21, na mwaka 1995, chini yake kidogo, kituo kipya cha Pangani cha megawati 68. Mto Pangani umekwisha zuiwa huko juu katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuchotwa kwa mifereji mingi kabla ya kufika Korogwe. Kwa hiyo Mkomazi na Lwengera, vijito vikubwa vinavyoingia chini ya bwawa hilo, vina thamani isiyoonekana. Ukiona vyaelea, vimeundwa: taa iliyowaka Tanga au Dar es Salaam ilikuwa na sehemu yake katika ukungu wa Nilo. Ugomvi baina ya mifereji na mitambo ndio uliosababisha Pangani iwe, mwaka 1991, bonde la kwanza nchini kuwa na ofisi na bodi yake ya maji.

Juu kwenye vyanzo, mambo hayakuwa na mwelekeo mmoja. Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu ya Usambara Mashariki ilikatwa mbao kwa mashine, kwa msaada wa Finland. Kisha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finland hiyo hiyo ikagharimia mradi wa kuihifadhi. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997 na ya Nilo mwaka 2007. Wakulima wa iliki, zao linalopenda kivuli cha miti mikubwa, walijikuta mashamba yao yakiwa ndani ya mipaka mipya, na fidia katika ukanda wa Derema ikawa suala la mabishano ya miaka mingi. Walikuwa wamelima chini ya msitu bila kuuangusha wote. Lakini walipalilia miche ya msitu, na msitu usio na watoto huzeeka ukafa.

Chini huko Kerenge na Magoma, mdai wa mwisho ni yule anayeuona mto kila siku. Bondeni ardhi yenye rutuba na unyevu ni ile iliyo ukingoni, na ndiko mpunga na mboga za kiangazi zinakostawi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Sababu yake ni ya kweli: ukingo uliolimwa hadi majini humomonyoka, na mto hujaa mchanga. Lakini sehemu nzuri ya ardhi iliyo mbali na mto ilichukuliwa na mkonge zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mwenye ekari moja hana pa kurudi nyuma mita 60. Sera ya maji ya mwaka 2002 inatanguliza maji ya kunywa ya watu, kisha maji ya kuuweka mto hai, na wengine wote baadaye. Mpangilio huo ni wa haki. Historia ya Lwengera, hata hivyo, imekwenda kwa mpangilio mwingine: alitangulia aliyekuwa na kiwanda, akafuata aliyekuwa na mtambo, na mwenye jembe akafika wa mwisho akaambiwa kuwa yeye ndiye mharibifu.

Matokeo yake hayaishii bondeni. Kwenye mdomo wa Pangani, maji baridi yanapopungua, maji ya chumvi hupanda mtoni na kuingia mbali zaidi. Minazi ya kingoni hudhoofika, na wakaaji hulazimika kuchota maji mbali. Mkondo huo wa bahari ndio uliopitiwa na majahazi ya Unguja kwa karne nyingi. Mvuvi wa hapo huenda hajapata kulisikia jina la Kerenge, lakini kamba na samaki wachanga wanaokulia katika mikoko hutegemea maji yaliyopita huko.

Wazee wa Shambaai wangeitambua hali hii kwa jina. Wenye haja na mto ni wengi, na kila mmoja ana hoja: msitu, umeme, mkonge, mpunga, mikoko. Kila mmoja alipewa idara yake na sheria yake, na kila idara ilitazama kipande chake cha mkondo. Hiyo ni nguvu kwa nguvu, ingawa wanaoshindana leo hushika mihuri na vibali pale wahenga waliposhika hirizi za mvua. Jumuiya za watumia maji, zilizopewa nafasi katika sheria ya maji ya mwaka 2009, ni jaribio la kuwakalisha wote hao katika mkeka mmoja. Zitafaa kwa kadiri mkulima wa Kerenge atakavyosikilizwa humo sawasawa na mwenye mtambo. Kwa maana kuiponya nchi, katika fikra za waliolitunga neno hilo, ilikuwa ni kuhakikisha kwanza kuwa aliye bondeni anakula.