Nyumba mgongoni mwa lori: injini siyo ishu, chesisi ndiyo mpango mzima

Ukiwaona wale jamaa wa Marekani wanaozunguka na nyumba mgongoni mwa lori, unadhani siri ni injini kubwa. Wapi! Siri ni chesisi.

Mwaka 1953 pikapu za Ford zilipewa majina ya F-100, F-250 na F-350. Baba mwenye nyumba alipachika kajumba kwenye bodi, akajaza maji, gesi na watoto, safari ikaanza. Kumbe uzito ukizidi nyuma ya ekseli, mbele gari linakuwa jepesi, usukani unacheza, tairi za nyuma zinaelemewa. Likipasuka moja mlimani, familia nzima iko hatarini.

Baadaye wajanja wakaachana na bodi ya pikapu. Wananunua kichwa na chesisi tupu, wanafunga bodi flati, nyumba inakaa juu. F-350 za karibuni zenye tairi dabo nyuma hufika kilo 6,350 hivi. F-550 hufika 8,800 na ushee. Ila hapo lori lenyewe, mafuta na abiria wameshahesabiwa! Maji lita 200 tu ni kilo 200.

Ndiyo maana wazoefu hupima nyumba ikiwa imejaa kwanza, lori baadaye. Wewe ungeanza na kipi?