Kahawa ya Kivu: toka shamba la mkoloni hadi sufuria ya nyumbani

Kwenye milima inayozunguka Ziwa Kivu, kutoka Minova hadi Kalehe na kisiwani Idjwi, wako wakulima waliochuma kahawa maisha yao yote bila kuizoea kinywani. Kahawa, ama kawa kama wengi wanavyosema, ilikuwa kitu cha kuuza: karo ya watoto, mabati ya nyumba, mahari. Kinywaji cha nyumbani kilikuwa kingine. Historia ya upishi wa kahawa inaeleza sababu.

Arabika ilianzia Ethiopia. Katika karne ya 15, masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wasisinzie katika ibada za usiku. Hadi leo mama wa Ethiopia anakaanga mbegu mbele ya wageni, anazitwanga, kisha anachemsha unga katika chungu chenye shingo ndefu kinachoitwa jebena. Waturuki walisaga unga laini kama vumbi na kuuchemsha katika kibirika kidogo. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliongeza tangawizi, wakainywa chungu katika vikombe vidogo. Wote hao walichemsha unga, kisha wakauacha utulie chini.

Wazungu hawakupenda unga kinywani. Ufaransa, katika karne ya 18, watu walianza kuutia katika mfuko wa kitambaa. Mwaka 1908, huko Dresden, Ujerumani, mama mmoja, Melitta Bentz, alitoboa matundu chini ya chombo, akaweka ndani karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe. Hivyo likazaliwa chujio la karatasi. Mwaka 1933 Italia ikatoa birika ya Bialetti, ambamo mvuke unasukuma maji yapande na kupita katika unga. Mwaka 1938, Uswisi ikaanza kuuza Nescafé, kahawa ya kuyeyuka katika maji ya moto.

Kongo ilikuwa tayari ndani ya biashara hiyo. Robusta, mti wa asili wa misitu yetu na ya nchi jirani, ilipelekwa Bruxelles karibu na mwaka 1900. Kutoka huko miche ilifika Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba. Kisha katika miaka ya 1920 na 1930, Wabeleji na walowezi wengine walifungua mashamba ya arabika katika Kivu. Wenyeji walipalilia, walichuma, walimenya na kuanika. Mbegu ziliondoka zikiwa bado kijani, na kukaanga kulifanyika Ulaya. Ndiyo maana mkulima alijua kazi yote ya shambani, lakini ile ya jikoni hakuonyeshwa.

Baada ya uhuru mambo hayakunyooka. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza mashamba na biashara za wageni kuwa mali ya Wazaire, na mashamba mengi yakaharibika. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya mauzo yalivunjika, bei ikaanguka. Vita vya 1996 na 1998 vikafunga barabara. Wakulima wengi wakapeleka magunia Rwanda usiku kwa mitumbwi, na wapo waliozama ziwani pamoja na kahawa yao.

Katika biashara hiyo, aliyepanga bei alikuwa yule anayejua kuonja. Mnunuzi akisema kahawa ni mbaya, mkulima ambaye hajawahi kuionja hawezi kujibu. Kuanzia miaka ya 2000, vyama vya ushirika vilianza kujenga vituo vya kuoshea kahawa, na baadhi vikaanza kufundisha watu kuonja. Bei bora ilianza kufuata.

Mapigano ya miaka ya karibuni yamewatoa tena watu Masisi, Minova na Kalehe. Miti imebaki mlimani, matunda yanaiva bila mchumaji. Lakini njia ya kwanza, ile ya Ethiopia na Yemen, haihitaji umeme wala chombo cha kigeni.

Mbegu zilizomenywa hukaangwa katika sufuria kavu juu ya makala, zikikorogwa bila kuacha, mpaka zipasuke kwa sauti na kuwa na rangi ya hudhurungi. Zikiwa nyeusi kabisa, ladha imeungua. Zikipoa, hutwangwa katika kinu. Maji huchemshwa kwanza mpaka yatokote sawasawa, jambo la lazima mahali penye hatari ya kipindupindu. Sufuria hutolewa motoni, unga hutiwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, kisha hufunikwa kwa dakika 4 au 5. Unga hushuka wenyewe, na makala hayapotei bure. Mwenye kitambaa safi cha pamba anaweza kuchuja.

Kikombe hicho kinasema mengi. Ladha ya ukungu inaonyesha kwamba mbegu hazikukauka vizuri au zilikaa mahali penye unyevu. Ladha kali kama majani mabichi inaonyesha kwamba matunda yalichumwa kabla ya kuwa mekundu. Mkulima akirudi shambani na elimu hiyo, mnunuzi hatakuwa tena peke yake kujua thamani ya kilicho ndani ya gunia.